Mpunga Uliozwa Mombo

Kwao Malindi, juu kabisa kwenye milima ya Usambara, wali ulikuwa chakula cha Krismasi. Siku nyingine ni bada, yaani ugali, na maharage. Mtoto akilia wali anaambiwa asubiri Yesu azaliwe. Sefania Shemhilu alikulia kwenye kusubiri huko, mtoto wa Kilutheri mwenye pua nyepesi kuliko akili yake, na kila Krismasi alikuwa wa kwanza kusimama karibu na sufuria. Sasa mtu huyu wa baridi na viazi ndiye Serikali ikamwona anafaa kuwa mtaalamu wa mpunga wa kumwagilia. Akili ya Serikali, nani anaijua? Alitoka chuo cha kilimo, akapelekwa Ufilipino, akarudi na miwani na kibano kidogo kama cha kung'olea nyusi, akapangiwa kazi bondeni Mombo.

Mama yake, Rahabu, alilia siku mbili.

"Huko nyika mbu wanabeba mtu mzima! Nawe hata hujaoa!"

Kwa mama huyo, malaria na ukapera vilikuwa ugonjwa mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpunga wa kienyeji wa Mombo ulinukia hata jirani wa nyumba ya tatu akaja bila kuitwa, ila ulikuwa mrefu, na upepo ukivuma unalala chini kama mlevi. Mpunga alioleta kutoka Ufilipino ulikuwa mfupi, imara, unazaa kwelikweli, lakini ukiupika unanukia maji ya moto tu. Sefania alitaka miguu ya huyu na harufu ya yule. Alitaka wali uliwe hata Alhamisi ya kawaida, pasipo kumsubiri Yesu. Asubuhi alichuchumaa kwenye tope la jaruba lake la mpunga, anakata ncha za ua la mpunga mrefu, anatoa viungo vya kiume kwa kibano, analivika kifuko cha karatasi. Mchana analivua, anakung'uta juu yake chavua la mpunga mfupi, analivika tena. Mgongo ulimuuma hadi akatembea kama bibi kizee.

Pamoja na hayo aliwafundisha wakulima wa kijiji cha ujamaa, kwenye banda la mabati kando ya mfereji. Kitabu kilisema "kuchavusha", na wakulima walimtazama kama anayesoma Kilatini. Ndipo akatafuta neno la nyumbani.

"Ndugu zangu, mimi hapa ni mshenga," alisema. "Mpunga mrefu ndiye binti, mfupi ndiye bwana harusi. Nauoza."

Wakacheka, wakaelewa. Wote isipokuwa Ramadhani, aliyekuwa amekesha kwenye zamu ya maji na sasa anakoroma kwenye nguzo ya nyuma. Habari ya mshenga ilimpita. Alizinduka pale mwalimu aliposema, "Kwa hiyo wiki hii tutauoza mpunga wa jaruba zima." Lo! Mpunga uoze? Ramadhani hakuaga mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa tawi la chama.

Katibu huyo, Mzee Benedikto, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: alilipenda neno "hujuma" kuliko chai. Asubuhi yake alifika jarubani na wajumbe wawili, akamkuta Sefania amechuchumaa, mkasi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya nini na mpunga wa wananchi?"

"Nauhasi, mzee," Sefania akajibu kwa heshima zote. "Nauhasi kwanza. Mchana ndiyo nauoza."

Ee Mola, mtu msomi huyo! Benedikto aliwageukia wajumbe wake. "Mmesikia kwa masikio yenu. Anauhasi, halafu anauoza!" Kila Sefania alipojaribu kueleza alizidi kujichimbia kaburi. Ikaamriwa mkutano wa kijiji ukae Jumamosi, na wananchi wakiridhia, jaruba lile lipigwe jembe la ng'ombe.

Sefania hakula wala hakulala. Ndani ya vile vifuko mlikuwa na punje chache, bado maziwa matupu. Likipita jembe, yote aliyofuata Ufilipino yamekwisha, na nani atampa jaruba lingine mtu aliyeitwa mhujumu?

Sasa sikia lililotokea upande wa pili. Timotheo, muuza kabichi wa Malindi, alishusha mzigo wake Mombo akasikia watu wanasema, "Jumamosi kuna mkutano wa Sefania, anaoza." Akalibeba neno kama alivyolipata. Lakini njia ya kupanda milima ina kona nyingi, na mahali fulani karibu na Lukozi herufi moja ilidondoka. Malindi ilifika hivi: "Jumamosi Sefania anaoa."

Jumamosi ikafika. Benedikto alikwisha kuhutubia, ng'ombe wawili wamefungwa nira wanacheua kando ya jaruba, na Sefania amesimama mbele ya watu jasho linamtiririka ndani ya miwani, anasema "chavua" na "vizazi" na hakuna anayemsikiliza. Mara vigelegele barabarani! Wanawake wa kwaya ya Malindi hao, vumbi hadi kwenye nyusi, na mbele yao Rahabu, jogoo kwapani, khanga mpya mkononi.

"Bibi harusi yuko wapi?"

Watu wakageukiana. Hata ng'ombe waliacha kucheua. Sefania alimtazama mama yake, akatazama jaruba, akaona bora kufa kwa ukweli.

"Yule pale, mama. Mwenye mfuko kichwani."

Rahabu akausogelea mpunga. Akaelezwa binti ni yupi na mume ametoka wapi.

"Kumbe huoi," akasema taratibu. "Unaoza."

"Ndiyo, mama. Naoza."

"Aah! Kuoza *huko*!" Ramadhani akapiga kelele kutoka nyuma, na mkutano mzima ukavunjika mbavu. Benedikto peke yake hakucheka. Alikuwa akiwaza atashukaje kwenye mti aliopanda.

Rahabu naye hakucheka. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeteremka mlima mzima na jogoo. "Na hawa ng'ombe ni wa nini?" akamuuliza Benedikto. "Mahari tunaleta sisi, mghosi, mzee wangu, si nyinyi!" Kisha akapandisha sketi, akaingia kwenye tope lililomfika magotini, akaifunga ile khanga kwenye kijiti cha alama katikati ya jaruba. "Khanga ya mkwe hairudi nyumbani. Ni nuksi. Atakayemng'oa mkwe wangu ataanza na mimi."

Nani apitishe jembe hapo? Benedikto akakohoa. "Haya, harusi iendelee. Lakini harusi bila wali si harusi. Huo mpunga wako tutaula hapa, Mwalimu, wananchi wote. Usiponukia, ng'ombe wanarudi."

Ikawa miaka. Watoto wa ndoa ile wengine walitoka warefu na walevi kama mama yao, wengine wafupi wasio na harufu. Sefania alichagua, akapanda, akachagua tena, na kila msimu Benedikto alipita kando ya mfereji akiuliza, "Tunakula lini?" Sefania anajibu, "Bado mjukuu, mzee." Khanga ilichakaa juani ikabaki uzi, na ndege waliendelea kuiogopa.

Mwaka 1976, Alhamisi moja, wali ulipikwa bandani. Rahabu aliletwa kutoka Malindi akakalishwa mbele. Mfuniko ulipofunuliwa, Benedikto, aliyekuwa amejiandaa kwa hotuba, alifumba mdomo akavuta pumzi. Watu wa upande wa pili wa mfereji walianza kuvuka bila kuitwa. Sefania hakuonja. Alikuwa anamtazama mama yake.

Rahabu alimaliza sahani ya kwanza. Akaomba ya pili. Akaomba na ukoko. Ndipo akafuta midomo kwa ncha ya khanga yake.

"Huyu mkwe nimemkubali," akasema. "Kuoza, baba, umeoza vya kutosha. Sasa oa."