Mashua Iliyoshibishwa Kupita Kiasi

Saa moja asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili amelala chali chini ya mashua iliyoegemezwa kwenye magogo. Ana nyundo ya mti na patasi butu. Anasokota pamba iliyolowekwa mafuta, anaiingiza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anagonga mara tatu, anasikiliza, kisha anaacha.

Mwaka jana angegonga mara sita.

"Mama Pamba, usiilishe sana mashua leo, isije ikatapika tena!" anapaza sauti seremala aliye juu.

"Chonga mbao zako wewe. Hicho kinywa chako ndicho kinachotaka kalafati."

Kalafati ndiyo kazi yake: kuziba mianya ya chombo kisivuje. Alifundishwa na mumewe, sasa marehemu, miaka kumi na tisa iliyopita. Kabla ya nyundo, ilimbidi ajue majina. Mkuku ni uti wa mgongo, gogo la chini linalobeba chombo kizima. Mataruma ni mbavu. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani, maji yanapokusanyika.

"Alikuwa ananiuliza hata tukila," anasema. "Nikikosea ananiambia, 'Haya, zama.'"

Mashua hii ni ya shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mwaka jana ilikaa nchi kavu miezi mitano. Mbao zilinywea, mianya ikapanuka, naye Mama Pamba akaijaza pamba ikakaza. Iliporudi majini mbao zilivimba, pamba ikakosa pa kwenda, na ubao mmoja ukasukumwa hadi ukang'oka misumari.

Mabaharia watano walipiga kelele kwamba maji yanaingia "chini". Chini ya mashua hiyo ni mita nane za mbao, na hakuna aliyeweza kutaja ni wapi. Walipoliona pengo walikuwa wamechelewa. Wote waliokolewa, mashua ilivutwa ufukoni imejaa maji. Tangu siku ile Mama Pamba amepata kazi mbili tu.

"Ulikuwa ubao wa pili kutoka mkuku, kati ya taruma la saba na la nane," anasema, akiweka kiganja kwenye ubao mpya.

Shemeji yake amefika kukagua. "Nimekurudia kwa sababu ya kaka," anamwambia. "Lakini ikivuja safari hii, shemeji, naipasua kuni."

"Una haki, shemeji."

Mashua itashushwa Alhamisi. Isipovuja, atapewa pia kazi ya chombo kipya kinachoundwa jirani. Kwa kawaida mpiga kalafati hubaki nchi kavu. Yeye ameamua vingine.

"Mbao zinavimba kwa siku tatu. Siku zote hizo nitakaa ngamani na taa yangu. Likiingia tone, nitawatajia taruma la ngapi."

Shemeji anainama chini ya mashua. "Lakini wewe hujui kuogelea."

"Sijui," anasema, na kumwomba amsogezee pamba.