Beseni Tupu la Mama

Mandazi ya kwanza ya asubuhi hunukia kutoka mbali. Mafuta yakiwa bado mapya, hayajaungua, harufu yake huvuka barabara kubwa na kunikuta hapa Kimanga, mjini Uvira, saa kumi na mbili, nimevaa viatu vya michezo alivyoninunulia binti yangu, nikitembea kwa amri ya daktari. Nina sukari. Chai tamu nimekatazwa, mandazi nimekatazwa, na bugali nimepimiwa donge lisilozidi ngumi yangu. Wengine harufu ile huwaita. Mimi hunifukuza. Huhamia upande wa ziwa na kupumua kwa mdomo mpaka nipite.

Siku hizi mwanamke wa umri wangu akionekana anatembea mikono mitupu alfajiri, watu husema anafanya sport, basi yameisha. Mama yangu hakuwa na bahati ya kuwa na neno hilo. Nitawasimulia habari zake, ingawa kuna mahali nitaonekana vibaya, na mkiniona vibaya mtakuwa hamjakosea.

Mama alikuwa mnene, na ninasema hivyo kwa kumsifu. Alikuwa na shingo yenye mikunjo mitatu, ile ambayo kwetu wanaume walikuwa wakiitazama kwanza kabla ya uso. Akikaa kwenye kiti cha mbao, kiti kilitoa sauti, naye alicheka. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye meli za Kalemie na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo unene wa Mama ndio uliokuwa ukimtolea Baba ushahidi mtaani. Ulionyesha kwamba mume hajatutupa na kwamba chungu kinatokota. Watu walimwita Mama Bahati, kwa jina la kaka yangu mkubwa, na walipotaka kumsifu mwanamke mwingine walisema amekuwa kama Mama Bahati.

Nilikuwa na miaka kumi alipoanza kunywa maji mtungi mzima na kuona kizunguzungu kanisani. Tulikwenda naye kituo cha afya. Muuguzi, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtoboa kidole, akaenda nyuma ya pazia, akarudi.

"Mama, damu yako iko na sukari mingi," alisema. "Bugali upunguze. Chai ya sukari na mafuta uache. Na utembee kila asubuhi mupaka utoke jasho."

"Nitembee niende wapi?"

"Fasi yoyote."

Mama alicheka njia nzima. Mtu mzima kutembea kwenda popote! Kwetu mwanamke huenda shambani, sokoni, kisimani au msibani. Anayekwenda mikono mitupu na kurudi mikono mitupu, kabla jua halijatoka, ama akili zimemruka ama anachunguza nyumba atakayoiroga. Lakini Mama alikuwa akiogopa kufa na kutuacha. Kesho yake alichukua beseni lake la bluu, akalifunika kwa kitambaa cheupe chenye maua, akajitwika, akashika njia ya Kavimvira kama mfanyabiashara. Ndani ya beseni hamkuwa na kitu.

Jumamosi nilikuwa nikimsindikiza. Tulipita wavuvi wakitandaza ndagala kwenye mchanga, tukaogopa viboko waliochelewa kurudi majini, tukafika mpakani wakati wabadilisha fedha wakipanga meza zao na wapagazi wakigombania mizigo ya kuvuka Burundi. Mama aliketi kidogo juu ya jiwe, akajifuta jasho, kisha tukageuka. Siku moja muuza nyanya mmoja alimwuliza ameleta nini.

"Ndagala," alijibu Mama bila kupepesa macho. "Imeisha yote."

"Mapema hivi?"

"Mungu iko mwema."

Nilijificha nyuma ya kitenge chake nikicheka. Ilikuwa bado saa kumi na mbili na nusu. Baada ya mwezi, wanawake wauzaji wa pale mpakani walianza kumwonea wivu kwa biashara inayomwendea vizuri namna ile.

Na kweli alipona, kwa kadiri ugonjwa ule unavyopona. Alikula donge lake dogo na mboga za lengalenga za kuchemsha zisizo na tone la mawese, akifumba macho kama anayemeza dawa. Kizunguzungu kilikwisha. Akawa analala usiku kucha. Yule muuguzi alimwita mbele ya wagonjwa wengine na kumsifu. Ila mwili ule ulikuwa ukiyeyuka mbele ya macho yetu. Mikunjo ya shingo ikageuka ngozi inayoning'inia, mashavu yakaingia ndani, mvi zikaonekana nyingi kuliko zamani. Akaanza kupaka piko kila Jumamosi, na uso uliokonda chini ya nywele nyeusi ti ukamfanya aonekane mzee zaidi.

"Mama Bahati, umeisha sana," watu walimwambia badala ya salamu.

Alipowaeleza ni sukari, walitazamana. "Sukari inanenepeshaka muntu," walisema. "Haikondeshe." Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na mmoja wao alipomaliza kuomba aliketi, akasema taratibu kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Kila mtu alijua anasema maradhi gani, yale yasiyotajwa, na kwamba Baba ndiye aliyeyaleta kutoka Kalemie. Shangazi Sifa, dada yake Baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza ua, hakuamini hayo. Yeye aliamini Mama amerogwa na mtu wa karibu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akirudia, huku akituletea maziwa mazito ya wachungaji wa Rurambo ili wifi yake anenepe. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatunywesha sisi.

Ndipo akaanza kuvaa vitenge vitatu. Jumapili asubuhi alisimama chumbani, akajizungushia taulo kiunoni, kisha kitenge cha kwanza, cha pili, halafu kile cha kuonekana. Kazi ya kufunga ilikuwa yangu. Mnalijua joto la Uvira, hata kabla ya saa tatu ukuta unachoma, na yeye alikwenda kanisani amefungwa kama mzigo wa mpakani.

"Kaza," alisema.

"Mama, utaanguka."

"Kaza, mutoto wangu."

Kisha alijigeuza mbele ya kioo kidogo cha ukutani, ambacho kilimwonyesha kipande kipande, akaniuliza kama iko sawa. Nilimwambia iko sawa. Haikuwa sawa. Ilikuwa kiuno cha mama na kichwa cha bibi. Nilimwonea huruma, lakini nitasema ukweli, nilimwonea haya zaidi.

Shuleni kulikuwa na bomba moja na kikombe kimoja cha bati. Siku moja wenzangu wa darasa la tano walikificha nilipofika. "Mama yako ako na ile ugonjwa," waliniambia. "Weye kunywa na mikono." Nikanywa kwa mikono tangu siku hiyo, miezi miwili. Sikumwambia Mama. Nilisoma tu, kwa hasira, na mwisho wa mwaka nilijua kabisa nitakuwa wa kwanza.

Sasa, mjue proklamasio ilivyo kwetu. Siku ya kusoma matokeo, wazazi wote hujaa uwanjani, na mtoto wa kwanza akiitwa, mama yake hutoka naye mbele. Mkurugenzi wa shule humkabidhi mama ile biletini, karatasi ya alama, halafu ndugu na majirani huja na makopo ya poda nyeupe na kuwamwagia wote wawili, kichwani, usoni, shingoni. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Usiku nilikuwa nikiwaza juu ya poda ile. Niliiona ikiingia kwenye mashimo ya shingo ya Mama na kubaki humo, watu wote wakitazama.

Nikaenda kwa Shangazi Sifa, nikamwambia Mama hajisikii, anaomba wewe usimame mahali pake. Kwa Mama nikasema kitu kingine, kwamba wazazi wasije. Alikuwa anachambua sombe.

"Directeur amesema mwaka huu bazazi basikuye," nilimwambia.

Mikono yake ilisimama. "Basikuye?"

"Ndiyo."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na majani yake. "Sawa," alisema.

Asubuhi ya siku hiyo niliamka nikasikia harufu ya mafuta ya kukaanga. Nilidhani inatoka kwa jirani, kwa sababu kwetu mafuta yalikuwa yamekatazwa. Nikavaa sare yangu nikatoka mbio.

Shangazi alikuja amependeza. Jina langu liliposomwa alitembea mbele nami taratibu, kitenge kikichezacheza, shingo ikimeta, na mkurugenzi alipomwita "mama mzazi" hakuna kati yetu aliyemsahihisha. Poda ikamwagwa. Watu walipiga vigelegele. Nilifungua macho katikati ya wingu lile jeupe, na nyuma ya watu, karibu na geti, nikaona beseni la bluu limefunikwa kitambaa chenye maua. Mama alikuwa amesimama chini yake, beseni limekaa lenyewe kichwani, na yeye anapiga makofi kwa mikono yote miwili. Nilipofuta macho hakuwepo.

Mtanisamehe au msinisamehe, mimi nilikasirika. Nilisema moyoni: amekuja na beseni lake tupu kuniaibisha.

Jioni hakuniuliza neno. Aliomba biletini, akaisoma mstari kwa mstari akifuata kwa kidole. "Iko muzuri," alisema. "Iko muzuri sana, Neema." Kisha akapakua. Alijikatia bugali kubwa, kama zamani, na sombe inayoelea katika mawese, na samaki mukeke mzima wa kukaanga. Akala. Nilijua alichosema muuguzi, nilikuwepo, nililisikia kila neno kwa masikio yangu. Sikusema kitu. Nilifurahi. Mchuzi ulipokuwa mbali naye, nilimsogezea bakuli.

Beseni la bluu likawa la kufulia. Hakutembea tena. Kufika Krismasi mikunjo ya shingo ilikuwa imerudi, na akina mama wa kanisa walimkumbatia. "Sasa umerudia muntu," walimwambia. Mimi nikaacha kufunga vitenge, na shuleni kikombe cha bati kikanirudia. Kulikuwa na amani nyumbani kwetu miaka miwili, nami niliamini kwamba Mama amepona.

Kisha akajikwaa jiwe ziwani akifua, kidole kidogo cha mguu. Kidonda kile hakikukauka. Walikata kidole, wakakata mguu chini ya goti, na tulikuwa bado tunajifunza kumgeuza kitandani alipofariki. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Msibani watu walisema amekufa bado amenona, mume wake alimtunza. Walilisema kama faraja, na Baba, aliyefika siku mbili baada ya mazishi, alilipokea hivyo.

Baada ya matanga Shangazi Sifa alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Hakuwa na ile sauti yake.

"Siku ile ya proklamasio," alisema, "wakati minye narudi, nilimukuta pembeni ya ziwa. Ako anaikaa juu ya mawe, beseni iko ku magoti."

Akanieleza yote aliyoambiwa pale: majirani ndio waliomwambia Mama kwamba wazazi wote wanakwenda. Alidhani nimemwelewa vibaya mkurugenzi. Alikuwa ameamka saa tisa akakaanga mandazi arobaini, moja kwa kila mtoto wa darasa letu, ya sukari, ya mafuta, yale asiyoruhusiwa hata kuyaonja. Siku ile beseni halikuwa tupu. Alifika getini nayo, akamwona Shangazi mbele, akageuka. Na pale ziwani alikuwa akiyala, moja baada ya jingine, bila kutafuna vizuri, machozi yakimtoka.

"Nikamuuliza, Mama Bahati, na sukari yako?" Shangazi aliuachia mkono wangu. "Akanijibu: mutoto anataka mama munene."

Shangazi hakuniambia mapema kwa sababu na yeye aliona haya. Alikuwa amepokea poda ya mtu mwingine.

Nimeshafika umri wa Mama, nimeupita kwa miaka mitatu. Nimekonda. Shingo yangu imelegea vilevile, na wiki iliyopita jirani aliniambia nimeisha sana. Nikijitazama kiooni ni yeye ninayemwona, amesimama anasubiri nimwambie kama iko sawa, na mpaka leo sijui ningemjibu nini. Zamani nilidhani muda utanifundisha. Muda umenifundisha tu kufuata masharti yote aliyoyafuata yeye, mpaka siku niliyomwachisha.

Daktari wangu, kijana mwema, hunisifu kila mwezi. Anasema wagonjwa wake wengi hushindwa na mandazi, anataka kujua siri yangu. Mimi hutabasamu tu. Nitamwambiaje kwamba mandazi yangu yaliliwa zamani, yote arobaini, na mtu aliyeketi peke yake kando ya ziwa.