Nilichagua Pikipiki ya Kumkomoa Bosco, Mama Akashindwa Kuipanda

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika polepole kwa sababu shule niliishia ya msingi, tena katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kuongea mbele za watu siwezi kabisa. Ndiyo maana nimechagua karatasi. Jina langu liacheni.

Nilimdanganya mama yangu mzazi kuhusu pikipiki, kwa sababu ya hasira niliyokuwa nayo kwa mtu mwingine!

Tuliporudi Burundi, mimi na mama, tulipata kishamba Buhinyuza. Mama ana nyonga mbovu tangu alipoanguka akitoka kuteka maji. Kila Alhamisi anatakiwa afike hospitali Muyinga kunyooshwa mguu. Walimwambia wazi kwamba akiendelea kwenda ataiacha fimbo, akiacha mguu utakauka hivyo hivyo.

Nilikuwa nampeleka kwa baiskeli. Kwenye mlima nashuka, nasukuma, mama amekaa nyuma. Juu ya mlima ule ndipo kilipo kituo cha taksi-moto, yaani bodaboda, na hapo ndipo anapokaa Bosco. Ni rika langu, ila yeye alizaliwa hapa, ana mdomo, na alikuwa na pikipiki yake kuukuu, ya chini. Siku moja nimefika juu natweta, jasho mpaka machoni. Bosco akapaza sauti:

"We Mtanzania! Iko unabeba mama, ao mama iko anakubeba?"

Mwenzake akadakia, "Muache, iko anamupeleka Dodoma!"

Kituo kizima kikacheka. Hata mama alicheka kidogo, akasema, "Bosco mwanangu, Mungu anakuona." Mimi nilitazama gurudumu la mbele. Lakini moyoni niliapa: huyu nitamlipa!

Watu wanadhani sisi wakimya tunasahau. Thubutu! Nililala na neno lile la Bosco, nikalima nalo, msimu mzima wa maharage.

Mama ndiye aliyeamua tuuze ng'ombe wetu. "Tununue pikipiki ndogo, baba," aliniambia. "Utanipeleka matibabu, siku nyingine utabeba abiria. Ya chini tu, nikae vizuri."

Nikaenda Gitega. Kuna Mkongo mmoja, mtu wa Uvira, anauza pikipiki na vipuri, watu wanamwita Papa Zawadi. Alinionyesha ya chini, ya kazi. Kiti kirefu, kimenyooka, na upande wa kushoto kuna chuma cha kukanyagia. Mama zetu mnawajua, wakivaa kitenge wanakaa kiupande, miguu yote miwili kushoto. Chuma kile kimewekwa kwa ajili yao.

Lakini macho yangu yalikuwa ukutani. Pale palisimama nyingine, ndefu, mdomo kama wa bata, matairi yenye meno, bomba la moshi limepanda juu, kiti kimebinuka nyuma. Zile za wazungu wanaozunguka dunia, ila hii injini yake ndogo. Nilipoiona niliona sura ya Bosco tu, ananitazama kutoka chini!

Papa Zawadi akanipima kuanzia kofia mpaka viatu. "Mutoto yangu, panda kwanza tuone."

Nikapanda. Zilizogusa chini ni ncha za vidole, tena vya mguu mmoja.

"Bon. Unaona? Hii iko muzuri, mi sikatae. Lakini iko ya mutu murefu, ya kutembea-tembea. We unatafuta ya kazi. Vipuri vyake hapa hakuna, mpaka Bujumbura. Na nyuma atakaa nani?"

"Mama."

"Mama anakaa kiupande, ao anapanda kama mwanaume?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa hilo tu. Nikajibu kwa hasira, "Kama mwanaume."

Mama yangu! Mama wa kwaya, mwenye nyonga mbovu!

Mzee yule akaitazama tena ile ya chini. "Haya. Ya chini nitaiweka pembeni. Ukibadilisha mawazo, rudi."

Sikubadilisha. Nilirudi nayo kwa njia ya Karuzi, na kila nilipotaka kusimama ilibidi nitafute jiwe au ukingo wa kuegemeza mguu. Njia ile ilikuwa inanionya, mimi sikuelewa. Nilikuwa napanga uongo. Mama aliponiuliza, "Mbona ndefu hivi?" nilikuwa nao tayari:

"Za chini zilikuwa zimeisha, mama."

Akasema, "Basi, tutaizoea."

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya kituo kuna dimbwi. Bosco amekaa juu ya pikipiki yake, shati jeupe, anafuta viatu. Nilimwona kwa mbali, nikavuta mafuta. Matope yakamvaa kuanzia kichwani!

"Bosco, umebatizwa!" wakapiga kelele wenzake. Kituo kizima kikacheka, na safari hii hakikunicheka mimi. Nawaambia ukweli, tangu nizaliwe sijawahi kufurahi vile.

Furaha ile ilidumu mpaka Alhamisi.

Mama alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani, kadi ya hospitali mkononi. Kiti kilimfika kifuani. Nikaleta kigoda, hakikutosha. Nikaita jirani, tukamwinua. Akakaa kiupande kwenye kile kiti kilichobinuka, miguu inaning'inia hewani, hakuna pa kukanyaga.

"Baba, nateleza."

"Nishike kiuno, mama. Tutafika."

Hatukufika hata kituoni! Katikati ya mlima mbuzi walikatiza njia. Nikakamata breki, nikashusha mguu kutafuta ardhi, na ardhi iko mbali. Pikipiki ikalala. Mama alitangulia chini, kwa nyonga ile ile.

Sauti aliyolia nayo sitaki kuiandika.

Aliyeshuka mbio ni Bosco. Nilijua sasa atasema. Nilingoja aseme, hata nilitaka aseme! Alisema neno moja tu: "Sogea." Akambeba mama, akamkalisha kiupande kwenye pikipiki yake ya chini, akamvika koti lake, wakaondoka kwenda Muyinga. Nikabaki nainua yangu peke yangu. Mara mbili ikanishinda.

Mfupa haukuvunjika, lakini mguu ulirudi mwanzo kabisa. Miezi yote ile ya kunyooshwa ikapotea, na fimbo moja zikawa mbili. Pikipiki yangu ilivunjika mkono wa klachi na kipuri hakipatikani. Imeegemea ukuta, kuku wanalala juu ya kiti. Hapa Buhinyuza hakuna anayeitaka, kila mtu ana mama.

Tangu siku ile Bosco ndiye anayempeleka. Juzi kati ile kuukuu ilimchosha, akaenda Gitega. Alhamisi iliyofuata akaingia uani kwetu na mpya. Nikaitambua kabla hajazima injini. Ile ile ya chini!

"Mama, piki hii iko na historia," akasema huku akimpangusia kiti. "Papa Zawadi alikuwa ameiweka. Eti kijana moja wa huku alikuja na hasira zake, akaikataa."

Hakunitazama. Kama alijua ni mimi, basi alinilipa matope yangu yote siku ile. Kama hakujua, ndiyo mbaya zaidi.

Mama aliweka mguu kwenye kile chuma, akakaa, akaweka kitenge sawa. Kisha akanigeukia.

"Baba, si uliniambia zilikuwa zimeisha?"

Nikainama kuokota fimbo zake. Hajauliza tena.

Vijana wenzangu mnaokwenda kununua, nawasihi! Usiende kuchagua na hasira. Nenda na yule atakayekaa nyuma yako, apande kwanza, ashuke, apande tena. Yule unayemchukia hatapanda pikipiki yako hata siku moja!

Kila Alhamisi nasikia honi. Nambeba mama chini ya makwapa, namkalisha, namkabidhi fimbo zake. Bosco anatazama mbele, anangoja. Natamani anicheke, hata mara moja, nipate sababu ya kumchukia tena.

Hacheki.