Korongo wa Médiatrice

Médiatrice hakuwa na woga wa mkasi. Pale saluni kwake Greyville, kusini kabisa mwa Afrika, angekunyoa huku akikutania, na ungelipa ukicheka. Lakini iko siku moja ya mkasi iliyomkaa rohoni tangu ana miaka kumi, na Jumamosi hiyo ya Aprili alipanda gari alfajiri kwenda kuitafutia jibu.

Gari lilikuwa la mteja wake Sesilia, Mtanzania wa Morningside, nesi mstaafu mwenye kichaa cha kutazama ndege. Jamani, ndege! Wenzake wamelala, yeye yuko mabwawani huko bara, kwenye mashamba ya ng'ombe, anaandika daftarini nani kaja na nani keshaondoka. Mbayuwayu walikuwa wameshakwenda zao. Nyasi zilikuwa za kahawia, na baridi inang'ata masikio.

"Korongo iko?" Médiatrice aliuliza kwenye bwawa la kwanza. Bata tu. Bwawa la pili akauliza tena.

"Eh, we Media! Hao korongo wamekukosea nini?"

Ndipo akamwambia. Kwao Burundi baba yake alifuga korongo mwenye taji uani, kama walivyofanya wengi, ili nyumba ipendeze. Pasaka moja akampa binti yake mkasi akate manyoya ya bawa, ndege asitoroke. Akakata, tena kwa raha zake. Oktoba vita vikaingia kijijini. Familia ikatoka mbio kuelekea Tanzania, na huko uani hakuna aliyerudi kutazama.

"Nilimwachia mbwa, dada. Na ni mimi nilimukata. Papa sijawahi kumuuliza, hata siku moja. Naogopa. Sasa niambie: manyoya inaota tena?"

Sesilia alishusha darubini. "Unanyoa vichwa vya watu kila siku, hujui? Yanaota! Ya zamani yanaanguka, mapya yanatoka." Kisha akapunguza sauti. "Ila yanachukua muda. Pasaka mpaka Oktoba... Sikudanganyi, mdogo wangu. Sijui."

Kwenye bwawa la tatu walikuwapo. Korongo kama ishirini, taji zao za dhahabu kichwani, wanatembea katikati ya ng'ombe kwa madaha ya maharusi. Ng'ombe mmoja akakurupuka, korongo wote wakaruka. Wa mwisho alikuwa na pengo bawani, manyoya kadhaa hayapo kabisa. Alihangaika, akapiga mabawa mara mbili zaidi ya wenzake, akapanda.

Médiatrice akatoa simu mfukoni kabla moyo haujabadilika. Baba yake, mzee wa miaka themanini na kitu, alipokea huko Makamba, Burundi, alikorudi baada ya vita, kwa makelele yake ya kawaida.

"Papa, yule korongo wetu. Yule niliyemkata bawa."

Médiatrice akafumba macho.

"Yule? Si aliruka asubuhi ile ile! Risasi zilimshtua. Alipita juu ya migomba wakati tunatoka, tena chini chini, kwa shida. Nilifikiri na wewe ulimwona."

"Sikumwona, Papa."

"Ungeniuliza, mwanangu."

Médiatrice akakaa chini nyasini, mbele ya ng'ombe wa watu, akalia kwa sauti bila aibu yoyote. Sesilia akaichukua simu ili kumwambia mzee kwamba hakuna aliyekufa.