Siku Waliyotoa Kioo Chekundu

"Ni kweli, Bwana. Nilikuwa nimelewa."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, mchana kweupe, mbele ya watu wote wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia na samaki wanapouzwa. Maiti ya Thembo, ndugu wa mke wangu, ilikuwa imelazwa juu ya mkeka, wavu bado umemzunguka mguu. Mama yake ni mama mkwe wangu. Kwetu sisi Wakonzo, mbele ya mtu kama huyo sithubutu hata kutafuna chakula. Siku hiyo alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake Kabugho, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Na mimi pombe sijaonja tangu nizaliwe. Aliyenisemesha uongo huo ni Bwana Samaki Kiiza, na aliyesimama mgongoni pangu na bunduki ni Luteni Juma. Nawataja kwa majina kwa sababu wao walinitaja mimi.

Lakini ninyi vijana hamkuiona taa niliyokuwa nikiilinda, basi nirudi nyuma niwaeleze.

Nilianza kazi katika idara ya uvuvi miaka michache baada ya uhuru. Shule niliishia darasa la tatu. Siku ya kwanza walinipeleka mwalo wa Kahendero kubeba samaki mpaka kwenye mizani. Mkubwa wa pale alikuwa karani mnene ambaye tulimwita Bwana Mizani. Akatazama miguu yangu, sina viatu, akacheka: "Wewe Yosefu, miguu hii ni ya mbuzi! Nenda ukapande mawe." Ndivyo nilivyohamishiwa kwenye mnara.

Mnara ulikuwa kule chini ya Bwera, juu ya mwamba unaokatika ghafla kuelekea ziwa kubwa linalotupakanisha na Kongo. Wazungu waliujenga kwa mawe zamani, kabla baba yangu hajaoa. Juu kuna chumba kidogo cha vioo, na ndani taa ya karabai, ile ya kupigwa pampu. Unawasha spiriti kwanza ili kichwa cha taa kipate moto, kisha unapiga pampu pole pole mpaka soksi yake, kile kitambaa kinachowaka, inang'aa. Ukiharakisha, soksi inapasuka na taa inatapika masizi. Mbele yake kuna kioo kinene kama tumbo la chungu, ndicho kinachousukuma mwanga mpaka mbali majini.

Bwana Samaki Kiiza, mkubwa wa uvuvi wa upande wetu, ndiye aliyenifundisha. Sitamnyima hilo. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi na alijua kazi. Alinionyesha kioo chekundu, kipana kama sinia, kinachoning'inizwa kwa kulabu mbele ya taa.

"Hii nyekundu ukiweka, mutu hatoi mtumbwi," aliniambia. "Upepo wa mlimani ukishuka, unaweka, hata kama ni mchana. Ukitoa, umewaambia nini?"

"Nimewaambia waende, Bwana."

"Sasa usitoe kwa kuambiwa na mutu. Utoe kwa kuambiwa na ziwa."

Wavuvi wetu walifuata hivyo hivyo. Walitoka jioni kabla jua halijazama kwenda kutega nyavu. Wingu likikaa vibaya, waliketi mchangani na makasia mapajani, macho yao juu kwangu. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nyekundu ikitoka, wanainuka na kusukuma mitumbwi.

Ikaja miaka ya utawala wa wanajeshi. Wakubwa walianza kupenda kuuona mnara. Jumapili gari linatoka Kasese, limejaa akina mama waliovaa vizuri, kreti za soda, kuku wa kuchoma. Mimi nafagia ngazi, nasimama kando, naambiwa nieleze historia. Nilieleza. Niliona fahari hata, nisidanganye.

Jumapili moja jioni, saa ya wavuvi kutoka, wingu lilikuwa limeshuka jeusi kutoka mlimani na kioo chekundu nilikuwa nimekwisha kukiweka. Luteni Juma akapanda na wageni wake, Bwana Samaki Kiiza nyuma yao akihema.

"Eh! Taa nyekundu!" Luteni akasema. "Hii iko mnara ao iko baa? Bia iko wapi?"

Wote wakacheka. Mama mmoja mwenye kamera akasema picha itaharibika, anataka taa nyeupe.

"Wewe mutu wa taa, toa hiyo sahani."

"Afande, samahani, huko chini watu wanaangalia."

"Wanaangalia nini? Mimi?" Wakacheka tena.

Nikamgeukia Bwana Samaki Kiiza. Yeye alijua. Pale juu hakuna mwingine aliyejua kama yeye. Akatazama viatu vya Luteni, akasema, "Toa, Yosefu. Ni picha moja tu. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Nikatoa. Picha haikuwa moja. Kioo nacho kikachukuliwa mikononi mwangu, kikazunguka, kila mama akakiweka machoni aone ziwa jekundu, na kusema "Yesu wangu, kama damu!" na kumpa mwenzake. Chini niliwaona wanaume wakisimama. Niliona mtumbwi wa Thembo unasukumwa.

"Afande, nipe kioo! Wanatoka!"

Akanisukuma kifuani kwa viganja viwili. "Tulia! Unapigia mama kelele?"

Walipokirudisha, nilikitundika hapo hapo. Lakini apigaye kasia anatazama mbele. Taa ilikuwa mgongoni mwao.

Usiku ule upepo ulishuka, na kesho yake asubuhi maji yalimrudisha Thembo. Wenzake wawili hayakuwarudisha mpaka leo. Bwana Samaki Kiiza akaitisha watu mwaloni na kuwaambia mlinzi wa taa alikunywa tonto, pombe ya ndizi, akasahau kazi. "Si kweli, Yosefu?" Nilihisi mdomo wa bunduki mgongoni. Mengine mnayajua.

Walinihamishia Kasese kulinda stoo ya nyavu, na huko ndiko nilikomalizia kazi, kabla ya umri wa kustaafu. Mnara ulivunjwa vioo wakati wa vita vilivyowaondoa wanajeshi hao. Kabugho nilimwambia ukweli, naye aliniamini, lakini nyumbani kwao sijakanyaga tena. Sasa binti yetu anaolewa. Bibi yake ametuma neno: hataketi penye mlevi aliyemuua mwanawe. Mtoto analia, ananiuliza, "Baba, kweli ulikuwa unakunywa?" Hata yeye.

Luteni Juma alikimbia, sijui yuko wapi. Wewe Kiiza najua uko wapi. Uko Rukoki, una migomba na ng'ombe, kanisani unakaa benchi la mbele. Mama yake Thembo bado yuko hai, lakini amezeeka sana. Shuka mwaloni, Bwana. Mimi sitakuja na mtu wa kukushikia bunduki. Simama pale alipolazwa Thembo, mwangalie mama yake usoni kama alivyoniangalia mimi, umwambie nani aliyesema, "Toa."