Bangili za mama zilivyotoka rehani wiki ya harusi yangu, Tabora ya Mwingereza

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa humu sidhani kama mpo. Mimi nasema, mjukuu anaandika. Sitii chumvi.

Nimesomewa uzi wa wakopeshaji wa kwenye simu waliofungiwa kwa kukosa leseni, nikacheka. Hayo sisi tuliyaona zamani.

Pale mtaani kwetu Isevya alikuwepo Mzee Sudi. Unampelekea kitu chako, anakupa hela, kitu kinakaa rehani sandukuni kwake mpaka ulipe na riba. Riba yake iliuma jamani, na ukichelewa anauza. Cherehani ya jirani yetu iliondoka hivyo, mwenyewe analia mlangoni.

Ila Idi ikifika alikuwa na ustaarabu wake. Asubuhi anawaazima kinamama vitu vyao wenyewe wapendeze, jioni vinarudi sandukuni. Hakuna aliyekimbia navyo. Natamani mngeiona Tabora ile!

Bangili za fedha za mama zilikuwa humo tangu baba alipougua. Mimi nikaposwa. Mzee Sudi akaahidi kutuazima nivae harusini.

Wiki ya harusi yenyewe, Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa bomani, akamjia na askari. Leseni ya kukopesha? Hana. Duka likatiwa lakiri, sanduku likapelekwa bomani.

Nililia mpaka macho yakavimba. Mama hakugusa chakula.

Bahati nzuri kesi haikukawia. Tukaitwa, tukaambiwa asiye na leseni hana haki ya kudai, kila mtu achukue chake bure. Mzee Sudi akapigwa faini na biashara ikaishia hapo. Vigelegele bomani! Jirani wa cherehani tu ndiye aliyeondoka mikono mitupu.

Nikaolewa na bangili za mama mkononi. Mzee Sudi tulimwalika, na alikuja, kanzu safi. Nilipompa mkono kumwamkia, bangili zikagongana. Akaziangalia.

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote nazipima kwenye mizani tu. Sikujua kama zina sauti nzuri hivi."

Mama akageuka akafuta machozi.

Serikali ilifanya vizuri, nasema wazi, ila ilichelewa. Ulizeni leseni kabla ya kutoa chenu, wanangu.

Wenye bibi zenu bado wapo, waulizeni waliwahi kuweka nini rehani, mje mtusimulie hapa.