Bunduki Aliyoichagua Mama

Nyumbani kwetu bunduki ya kuwindia haichaguliwi na mwindaji. Huchaguliwa na mkewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki mjane ikipasuka. Sijui kama hiyo ni desturi ya ukoo au mama aliitunga mwenyewe. Baba hakuthubutu kuuliza.

Miaka ya vita, wenye silaha waliopita Kindu walimnyang'anya bunduki yake ya kiwandani, kisha wakataka awashukuru kwa kumwachia viatu. Na huko shambani kwetu, njia ya Pangi, mbogo mmoja alikuwa akila mpunga kana kwamba ameupanda yeye. Akiumaliza, tusingekuwa na chakula. Ikabidi twende kwa fundi wa pupu, zile bunduki za kienyeji ambazo mtutu wake hutokana na bomba la usukani wa lori bovu. Pupu mbaya humlipukia mwenyewe usoni. Jirani yetu alibaki na jicho moja kwa sababu hiyo.

Fundi alitutolea moja yenye kitako chekundu kilichong'arishwa kwa mawese, na misumari ya shaba. Baba aliipapasa mpaka nikaona aibu.

“Fundi,” mama akasema, “piga nayo weye kwanza.”

“Mama, leo jicho inaniuma.”

“Pole. Basi uniitie bibi yako.”

Mke wa fundi akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Mama hakumuuliza habari za vyuma.

“Dada, bwana yako akienda mu pori, anabebaka gani?”

Yule dada akaonyesha nyuma ya mlango. Fundi akakohoa sana, lakini mkewe hakukielewa kikohozi kile, au alikielewa vizuri mno. Pupu ya pale ilikuwa fupi, nyeusi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

“Hii njo tunabeba,” mama akasema.

Baba alinuna njia nzima. Kesho yake asubuhi akaingia mpungani nayo. Mama hakuwasha moto. Alikaa mlangoni akisikiliza. Ukasikika mlio mmoja, halafu kimya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa vita.

Baba akarudi na mkia wa mbogo mkononi, akilalamika kwamba bega linamuuma. Mama hata hakuutazama ule mkia. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga na kumkagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akalia kwa sauti.

Siku hizi tunakaa mjini Kindu, mtaa wa Kasuku. Baba amezeeka, na bado anaililia ile ya misumari ya shaba. Akianza, chai inapoa. Juzi nikamchokoza mama: je, kama kweli ilikuwa bunduki bora?

“Pengine ilikuwa muzuri kabisa,” akasema. “Lakini kitu ya kuijaribia ilikuwa sura ya baba yako, na miye nilikuwa nayo moja tu.”